Seva mpya, majibu ya polepole: kisa cha mashine pepe iliyofichwa prosesa yake

Usuli

Kisa hiki ni cha taasisi inayopokea na kusuluhisha miamala midogo ya malipo. Jina, mahali na idadi za kibiashara vimeondolewa. Vipimo vya utendaji vimetajwa kwa mwelekeo wake tu.

Taasisi ilikuwa na seva mbili zenye prosesa za Intel kizazi cha Broadwell, kisha ikanunua mbili za kizazi kipya zaidi, Cascade Lake. Zote nne ziliendesha Linux na KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva halisi), chini ya libvirt, zana ya kuzisimamia. Kazi zilizobebwa zilikuwa za aina tatu: hifadhidata ya PostgreSQL, lango la ujumbe linalopokea maombi madogo madogo kutoka kwa washirika, na mashine pepe moja yenye kontena za huduma za ndani, nyingi zikiwa za Java. Mashine pepe zote zilikuwa na kerneli, yaani moyo wa Linux, toleo 5.10.

Kwenye seva za zamani kila mashine pepe ilisanidiwa `host-passthrough`, yaani iliiona prosesa kama ilivyo. Klasta mpya ilitakiwa iweze kuhamisha mashine pepe kutoka seva yoyote kwenda nyingine bila kuizima, na hapo usanidi ule haukufaa tena. Programu iliyoanza kutumia amri za AVX-512 (za kukokotoa data nyingi kwa pamoja) kwenye Cascade Lake itaanguka mara tu mashine yake inapotua kwenye Broadwell, ambayo haina amri hizo. Timu ikachagua njia iliyoonekana salama kuliko zote: modeli ya `kvm64`, prosesa ya kubuni yenye uwezo wa msingi tu, kwa kila mashine pepe, kwa kuwa hiyo hukubalika kwenye seva yoyote.

Kisa hiki kinahusu pia kinga dhidi ya udhaifu wa prosesa, na kinga hizo zina historia fupi. Aina mbili za udhaifu, Meltdown na Spectre, zilitangazwa tarehe 3 Januari 2018. Zote hutumia tabia ya prosesa ya kubashiri: inatekeleza amri kabla ya kujua kama zinaruhusiwa, na hata ikizifuta baadaye, alama hubaki kwenye keshi, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Linux ilijibu Meltdown kwa kutenga majedwali ya kurasa (yanayotafsiri anwani za kumbukumbu) ya kerneli na yale ya programu, kinga inayojulikana kama PTI. Baadaye zikaja aina nyingine za udhaifu: SSB mwezi Mei 2018, L1TF mwezi Agosti mwaka huohuo, MDS mwezi Mei 2019, na nyingine kadhaa. Prosesa za Cascade Lake zilirekebishwa kiwandani dhidi ya Meltdown na L1TF, na matoleo yake ya baadaye dhidi ya MDS pia. Broadwell haina marekebisho hayo. Inategemea programu na maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa yanayoweza kusasishwa).

Kilichotokea

Kabla ya kuhamia, seva mpya zilipimwa kwa `sysbench cpu` na kwa kasi ya kumbukumbu. Zilizishinda za zamani waziwazi, zikapokelewa.

Siku ya kwanza ya mzigo halisi, lango la ujumbe lilichelewa kujibu kuliko lilivyokuwa kwenye Broadwell. Hifadhidata nayo ilionyesha dalili ileile, hasa kwenye miamala mifupi. Ripoti ndefu zinazosoma mamilioni ya safu hazikuathirika sana, na baadhi zilienda kasi zaidi. Ndani ya mashine pepe, `vmstat` ilionyesha sehemu kubwa ya muda wa prosesa ikiliwa na kerneli badala ya programu. Safu ya `st`, inayoonyesha muda ulioporwa na mashine pepe nyingine, ilikuwa karibu na sifuri. Kusubiri diski nako kulikuwa kudogo.

Pamoja na hayo, lawama za kwanza zilikwenda kwenye diski za mtandao, kwa sababu nazo zilikuwa mpya. Zilipimwa kwa `fio` na hazikuwa na tatizo. Kadi za mtandao zikafuata, zikabadilishiwa mipangilio ya foleni bila faida. Saa ya mfumo pia ilikaguliwa, na huo ulikuwa ukaguzi wa maana: chanzo cha saa kikishuka hadi `acpi_pm` au `hpet`, kila programu inayouliza saa hulazimika kuingia kwenye kerneli na hata kutoka kwenye mashine pepe. Hapa chanzo kilikuwa `kvm-clock`, kama inavyotakiwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa `perf kvm stat` kwenye seva, kuhesabu mara ambazo mashine pepe inamrudishia haipavaiza (programu ya seva inayoendesha mashine pepe) udhibiti. Idadi haikutofautiana na ya zamani kwa kiasi cha kueleza tatizo. Wengi wangehitimisha hapo kuwa tatizo halihusiani na kuendesha kazi ndani ya mashine pepe. Hitimisho hilo lingekuwa kosa, na sababu yake imeelezwa kwenye sehemu inayofuata.

Jibu lilipatikana kwa amri mbili zilizoendeshwa ndani ya mashine pepe kisha zikarudiwa kwenye seva yenyewe:

```
lscpu
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

Kwenye seva, mstari wa Meltdown ulisema `Not affected`. Ndani ya mashine pepe iliyokuwa juu ya seva hiyohiyo, jina la prosesa lilikuwa `Common KVM processor`, Meltdown ilisomeka `Mitigation: PTI`, MDS ilisomeka `Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode`, na SSB ilisomeka `Vulnerable`. Katika orodha ya uwezo wa prosesa, `pcid`, inayopunguza gharama ya PTI, haikuwemo.

Kwa maneno mengine, mashine pepe ilikuwa ikilipa gharama ya kujikinga na udhaifu ambao prosesa iliyokuwa chini yake haina, na ilikuwa ikilipa bei ya juu kabisa kwa kuwa kifaa cha kupunguza bei hiyo kilikuwa kimefichwa. Papo hapo, udhaifu mwingine ambao prosesa inao kweli uliachwa bila kinga.

Kwa nini bei ilikuwa kubwa hivyo

Kerneli haiwezi kuchunguza silikoni moja kwa moja. Inapowaka husoma CPUID (amri inayoeleza uwezo wa prosesa) na rejesta ya uwezo inayoitwa `arch-capabilities`, kisha inaamua kinga zipi ziwashwe. Ndani ya mashine pepe, vyote viwili hujazwa na haipavaiza kulingana na modeli iliyochaguliwa. Ukiwa na `kvm64` hakuna biti ya `rdctl-no` inayosema "sina Meltdown", kwa hiyo kerneli hudhani mabaya na kuwasha PTI. Kwa upande wa usalama, dhana hiyo ni sahihi.

PTI hubadilisha rejesta ya CR3, inayoonyesha majedwali yanayotumika, mara mbili katika kila mwito wa mfumo (programu inapoiomba kerneli huduma), wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Bila PCID, kila badiliko la CR3 hufuta TLB, hifadhi ndogo ambamo prosesa huweka tafsiri za anwani za kumbukumbu. Prosesa ikiwa na PCID, kila seti ya majedwali hupewa namba ya biti 12, na kerneli ikiwasha biti ya 63 wakati wa kuandika CR3, tafsiri za zamani hubaki. Linux imetumia PCID tangu toleo 4.14, na prosesa za seva za Intel zimekuwa nayo tangu kizazi cha Westmere. Kwenye seva ya kawaida, basi, hakuna anayelifikiria jambo hili.

Ndani ya mashine pepe, kufutwa kwa TLB huuma zaidi kuliko kwenye seva tupu. Seva tupu yenye majedwali ya ngazi nne hutafuta tafsiri iliyopotea kwa kusoma kumbukumbu mara 4. Mashine pepe ina majedwali yake ya ngazi nne, na kila ngazi ni anwani ambayo nayo lazima itafsiriwe kupitia majedwali ya EPT (ya haipavaiza, ya kutafsiri anwani za mashine pepe) ya ngazi nne. Hesabu ni (4+1) × (4+1) − 1, yaani hadi mara 24. Keshi za ndani ya prosesa hupunguza idadi halisi, lakini mwelekeo hauondoki.

Na kazi hii yote hufanywa na prosesa yenyewe. Chini ya EPT, kuandika CR3 hakumrudishii haipavaiza udhibiti, na kutembea kwenye majedwali hakuhesabiwi kama kutoka. Ndiyo maana `perf kvm stat` haikuonyesha kitu. Kipimo kinachofaa ni mizunguko inayotumika kutafuta tafsiri, na hupimwa kutoka kwenye seva kwa sababu `kvm64` haiipi mashine pepe vihesabio vya prosesa. Namba ya mchakato wa QEMU, programu inayobeba mashine pepe kwenye seva, huwekwa mahali pa PID:

```
perf stat -e cycles:G,dtlb_load_misses.walk_active:G,ept.walk_pending:G -p PID sleep 10
```

Kiambishi `:G` huhesabu muda wa mashine pepe peke yake. Majina ya matukio hutofautiana kwa kizazi: kwenye Broadwell tukio la kwanza la utafutaji huitwa `dtlb_load_misses.walk_duration`.

Sasa ni rahisi kuona kwa nini ripoti ndefu zilipona na lango likaumia. Gharama ya PTI hufuata idadi ya miito ya mfumo. Brendan Gregg, mtaalamu wa utendaji wa mifumo, katika vipimo vyake vya 2018, alikadiria kuwa miito 50,000 kwa sekunde kwa kila prosesa hugharimu takriban 2%, na kwamba kufutwa kwa TLB kunaweza kugeuza gharama ya 1% kuwa 7% pale programu inapogusa kumbukumbu ya zaidi ya MB 10. Vilevile alitaja PCID na kurasa kubwa kuwa njia za kupunguza gharama hiyo. Lango la ujumbe hupokea, huandika na hulala maelfu ya mara, kila ombi likiwa na miito kadhaa. `sysbench cpu` hukokotoa namba tasa bila kuigusa kerneli. Kilichopimwa kabla ya kuhamia ndicho hasa ambacho kinga hizi hazikigusi.

Majaribio ya kuthibitisha

Nakala ya mashine ya lango iliwekwa kwenye mtandao uliotengwa, ikapewa mzigo uleule mara nne, kigezo kimoja kikibadilishwa kila mara.

Mara ya kwanza ilibaki na `kvm64` kama ilivyo. Mara ya pili iliongezewa `pcid` peke yake, na sehemu kubwa ya upotevu ikarudi. Mara ya tatu iliwashwa na `nopti`, inayozima PTI, kwenye mstari wa kerneli. Ikaboreka zaidi kidogo, ishara kwamba PTI yenye PCID bado ina bei, ingawa ndogo. Mara ya nne ilipewa modeli kamili ya Cascade Lake. Hapo ilipita hata matokeo ya `nopti`, na sababu ya nyongeza hiyo haihusiani na kubashiri: `kvm64` huficha pia amri za AES (za usimbaji), na lango hufunga na kufungua TLS, mawasiliano yaliyosimbwa, muda wote. Bila kutenganisha hatua hizi, faida ya AES ingehesabiwa kimakosa kuwa ya kinga.

Maamuzi na sababu zake

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa `mitigations=off` ndani ya mashine pepe. Lilikataliwa. Swichi hiyo, iliyoingia Linux 5.2, huzima kinga zote za hiari kwa mkupuo mmoja, zikiwemo zile za Spectre ambazo Cascade Lake bado inazihitaji. Ni kweli kwamba kuizima ndani hakuondoi kinga za seva dhidi ya mashine pepe, lakini huiacha kerneli ya ndani wazi mbele ya programu zake yenyewe, na mashine moja kati ya hizi iliendesha kontena za huduma nyingi.

Pendekezo la pili, `nopti` peke yake, lilikuwa na hoja nzito zaidi: prosesa haina Meltdown, basi PTI ya nini? Lilikataliwa kwa sababu ya uhamishaji. Uamuzi wa `nopti` hufanywa mashine inapowaka na hauhojiwi tena. Mashine ikihamishiwa Broadwell usiku wakati seva moja inafanyiwa matengenezo, itakuwa juu ya prosesa yenye Meltdown bila kinga, na hakuna onyo litakalotolewa.

Lililokubaliwa ni kugawa klasta makundi mawili kwa kizazi cha prosesa, kila kundi na modeli yake. Kundi la Broadwell lilipewa `Broadwell-noTSX-IBRS` pamoja na `stibp`, `ssbd` na `md-clear` (uwezo unaohitajika kwa kinga dhidi ya Spectre, SSB na MDS). Modeli hiyo tayari ina `pcid`. Kundi la Cascade Lake lilipewa:

```
<cpu mode='custom' match='exact'>
  <model>Cascadelake-Server-noTSX</model>
  <feature policy='require' name='arch-capabilities'/>
  <feature policy='require' name='rdctl-no'/>
  <feature policy='require' name='ibrs-all'/>
  <feature policy='require' name='skip-l1dfl-vmentry'/>
  <feature policy='require' name='mds-no'/>
  <feature policy='require' name='ssbd'/>
  <feature policy='require' name='stibp'/>
</cpu>
```

Uwezo uliandikwa mmoja mmoja kwa makusudi. Katika QEMU, `Cascadelake-Server` toleo la kwanza haina `arch-capabilities`. Iliongezwa kuanzia toleo la pili. Anayeandika jina hilo tupu anaweza kudhani amemaliza kazi, kumbe kerneli ya ndani inaendelea kuwasha PTI. Neno `require` nalo lina kazi yake: seva isipokuwa na uwezo huo, mashine pepe inakataa kuwaka badala ya kuwaka ikiwa na pengo.

Bei ya uamuzi huu ni kwamba kuhamisha mashine hai kunawezekana ndani ya kundi tu. Kutoka kundi moja hadi jingine lazima izimwe. Kila seva ya Cascade Lake ikaachiwa kumbukumbu ya kutosha kubeba mashine za mwenzake, ili kundi lijitegemee wakati wa matengenezo.

Suala la nyuzi mbili kwa kila kiini lilihusu Broadwell pekee, kwa sababu ya L1TF na MDS. Mashine pepe zote zilikuwa za taasisi moja na hakuna mteja wa nje aliyeendesha msimbo wake humo, kwa hiyo nyuzi ziliachwa zimewashwa na usafishaji wa keshi ya L1 ukabaki kwenye hali yake ya kawaida ya `cond`. Kampuni inayokodisha mashine kwa wateja wasiofahamiana isiige uamuzi huu.

Matokeo, na tatizo la pili

Utekelezaji ulikwama kidogo mwanzoni. Mashine kadhaa zilibadilishiwa usanidi, zikawashwa upya kwa `reboot` ndani yake, na hazikubadilika. Modeli ya prosesa hupangwa mchakato wa QEMU unapoanza. Ni lazima mashine izimwe kabisa kwa `virsh shutdown` kisha iwashwe kwa `virsh start`.

Zilipowashwa hivyo, Meltdown, L1TF na MDS zote zilisomeka `Not affected` ndani, na kinga ya Spectre v2 ikabadilika kutoka retpolini (ya kiprogramu) kuwa Enhanced IBRS (ya prosesa yenyewe). Lango likawa na kasi kuliko lilivyokuwa kwenye Broadwell. Hifadhidata nayo iliboreka, na ilipowekewa `huge_pages = on` upande wa PostgreSQL na kurasa za MB 2 upande wa seva, utafutaji wa tafsiri ukapungua tena. Ngazi moja ikiondoka pande zote mbili, ile hesabu ya mara 24 hushuka hadi 15.

Lakini mashine ya kontena ilizidi kuwa nzito. Huduma kadhaa za Java zilipungua kasi, huku lango na hifadhidata zikisherehekewa. Kwenye `/proc/PID/status` ya huduma hizo kulikuwa na `Speculation_Store_Bypass: thread force mitigated`.

Maelezo ni haya. Chini ya `kvm64` kinga ya SSB haikuwezekana, kwa hiyo haikugharimu kitu. Modeli mpya ilileta `ssbd`, na kerneli za kabla ya 5.16 huilazimisha kinga hiyo kwa kila mchakato wenye kichujio cha seccomp, kinachowekea mipaka miito ya mfumo. Kontena za kawaida za Docker zote zina kichujio hicho. SSBD huizuia prosesa kusoma kumbukumbu kabla anwani za uandikaji uliotangulia hazijajulikana, na programu inayoandika na kusoma vitu vidogo vingi huhisi uzito huo papo hapo.

Mstari wa kerneli wa mashine hiyo uliongezewa `spec_store_bypass_disable=prctl spectre_v2_user=prctl`. Huu ndio msimamo ambao Linux yenyewe iliufanya wa kawaida katika 5.16. Programu inayoendesha msimbo wa kigeni ndani ya mchakato wake, kama kivinjari, bado inaweza kujiombea kinga. Huduma hizi hazikuwa na msimbo wa namna hiyo, kila kontena ikibeba programu moja ya taasisi. Kasi ikarudi.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa tatizo ulifanywa kwa nia nzuri, ila uliichukulia modeli ya prosesa kama suala la kulingana kwa seva tu. Kumbe ndiyo inayoamua kinga zipi ziwake na kwa bei gani. `virsh hypervisor-cpu-baseline` ingetoa modeli ya pamoja ya Broadwell na Cascade Lake iliyo bora mno kuliko `kvm64`, ikiwa na PCID na AES. Kama taasisi ingelazimika kubaki na kundi moja, hiyo ndiyo ingekuwa njia, kwa gharama ya kuendelea na PTI hata kwenye Cascade Lake.

Kipimo cha kupokea seva kilikosa kazi yenye miito mingi ya mfumo. `pgbench` yenye miamala mifupi na wateja wengi, ikiendeshwa ndani ya mashine pepe yenye usanidi uleule utakaotumika, ingefichua pengo kabla mteja yeyote hajahamishwa.

Lililofanya kazi vizuri zaidi ni kulinganisha ndani na nje kwa amri moja, pamoja na kubadilisha kigezo kimoja kimoja kwenye nakala. Muda uliopotea kwenye diski na mtandao ungeokolewa kama safu ya `sy` ya `vmstat` (muda wa kerneli) ingeaminiwa mapema, kwa sababu ilikuwa imeshasema kazi iko ndani ya kerneli.

Ukaguzi uliowekwa baadaye husoma folda ya `vulnerabilities` kwenye seva na ndani ya kila mashine pepe baada ya kila sasisho la kerneli, QEMU au maikrokodi, kisha huonyesha mistari isiyolingana. Kusoma upande mmoja hakutoshi. Udhaifu wa Downfall, uliotangazwa Agosti 2023 na unaoigusa Cascade Lake, hurekebishwa kwa maikrokodi ya seva na hupunguza kasi ya amri za kukusanya data, huku mashine pepe yenye kerneli iliyosasishwa ikiandika tu `Unknown: Dependent on hypervisor status`.